Mazoezi ya Vidole na Sikio la Mwalimu

Kila ninapozungumza na mtu aliyeanza kujifunza piano akiwa mtu mzima, swali linalotangulia mengine yote ni hili: ninunue kitabu gani cha mazoezi ya vidole? Ni swali la haki, kwa sababu mtu huyo ameshatambua kwamba vidole vyake havimtii, na anaamini kwamba tiba yake imekwisha kuandikwa na kuchapishwa na mtu mwingine. Jibu langu huwa halimfurahishi. Kitabu chochote kati ya vile vinavyojulikana kitamfaa, na hicho hicho kinaweza kumpotezea miaka. Yote yanategemea kama yupo mtu wa kumweleza zoezi analolipiga limekusudiwa kurekebisha nini, na atajuaje kwamba limerekebisha.

Tuchukue kitabu ambacho karibu kila mpiga piano amekutana nacho. Mfaransa Charles-Louis Hanon alichapisha mwaka 1873 mkusanyo wa mazoezi 60 ambao hadi leo unauzwa na kupigwa duniani kote. Zoezi la kwanza halina fumbo lolote: mkono wa kulia unaanzia C (sauti za piano huitwa kwa herufi, C hadi B, kisha huanza upya), unairuka D na kugusa E, F, G na A, kisha unarudi G, F na E, mchoro huo huo unaanzishwa tena kutoka D, halafu kutoka E, na kuendelea hivyo kupanda piano, huku mkono wa kushoto ukifanya vivyo hivyo oktava moja chini, yaani kwenye sauti zenye majina yale yale katika kundi la chini yake. Hakuna wimbo wa kufuata wala hisia ya kueleza. Hanon aliagiza vidole viinuliwe juu, kila sauti isikike waziwazi, na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya mwendo kwa dakika, ianzie 60 na kupanda pole pole hadi 108. Lengo lake hakulificha: alitaka vidole vyote vitano vya kila mkono vipate mafunzo sawasawa, kwani aliamini kwamba vikishafikia hapo, hakuna kilichoandikwa kwa ajili ya piano kitakachovishinda.

Mtunzi na mpiga piano Frédéric Chopin, aliyefariki mwaka 1849, karibu robo karne kabla ya kitabu hicho kutoka, alikuwa ameshafikia maoni yaliyo kinyume kabisa. Katika maandishi yake ya kitabu cha kufundishia ambacho hakuwahi kukimaliza, alieleza kwamba vidole vimeumbwa tofauti, na kwamba badala ya kuhangaika kuvisawazisha, mpigaji aendeleze mguso wa pekee wa kila kidole. Alikuwa akiwaanzishia wanafunzi wake skeli (safu ya sauti zinazopigwa moja baada ya nyingine kupanda au kushuka) ya B, yenye vibonyezo vyeusi vitano, huku skeli ya C, ambayo sisi wengine tulifundishwa siku ya kwanza kwa kuwa ni rahisi kuisoma, akiiacha mpaka mwisho kwa kuwa ni ngumu kuipiga. Ukiweka mkono juu ya piano utaona sababu yake mara moja. Vidole virefu vya katikati hukaa vyenyewe juu ya vibonyezo vyeusi, ambavyo viko juu kidogo na ndani zaidi, na kidole gumba, kilicho kifupi, hubaki na nafasi ya kutosha kwenye vyeupe. Katika skeli ya C vibonyezo vyote viko usawa mmoja, mkono haupati mahali pa kushika, na kidole gumba hulazimika kujipenyeza chini ya vidole vilivyokunjwa.

Katika ubishi huu mimi niko upande wa Chopin, na sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati ukiingize chini ya kiganja, kisha jaribu kuinua kidole cha pete. Kitainuka kidogo sana, au hakitainuka kabisa. Kano zinazonyoosha vidole zimeunganishwa nyuma ya kiganja kwa mishipi midogo, na kidole cha pete ndicho kinachobanwa zaidi na majirani zake. Zaidi ya hayo, misuli mikubwa inayokunja na kunyoosha vidole haimo ndani ya vidole vyenyewe. Iko kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo, na nguvu yake huvifikia vidole kupitia kano ndefu. Kwa hiyo anayekaa saa nzima akiinua kidole cha pete juu kadiri awezavyo ili kukitia nguvu anapigana na maumbile, na maumbile hayashindwi kwa ukaidi. Kinachoweza kufundishwa ni mkono wote kusogea kidogo upande wa kidole kinachopiga, ili uzito wake ukisaidie pale ambapo misuli pekee haitoshi.

Sisemi hivyo ili watu wamtupe Hanon. Ninalipiga zoezi lake la kwanza mara kwa mara, ila silipigi kwa agizo lake la kuinua vidole juu. Ninalitumia kusikiliza kama kidole cha nne na cha tano, yaani cha pete na cha mwisho, vinatoa sauti yenye uzito ule ule wa vingine kwa msaada wa mkono, na kama kifundo kinabaki laini mkono unapogeuka kurudi chini. Nota ni zile zile, ila kinachofanyiwa kazi kimebadilika. Sijaona hata siku moja kitabu ambacho kingeweza kunibadilishia hilo. Aliyenibadilishia ni mwalimu.

Kuna jambo la kiufundi ambalo ningependa kila mwanafunzi aelezwe mapema, kwa sababu linaondoa nusu ya juhudi zisizo na faida. Kibonyezo cha piano hushuka takriban milimita 10 tu, na uzito wa gramu 50 hivi unatosha kukishusha taratibu. Kinaposhuka, hurusha nyundo ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa kizito cha manyoya. Kabla nyundo haijaufikia uzi, mtambo huiachia, nayo huumalizia mwendo wake peke yake, hugonga na kurudi. Maana yake ni kwamba sauti ikishatoka, hakuna unachoweza kuifanyia isipokuwa kuiacha iendelee au kuikata. Kukandamiza kibonyezo kwa nguvu baada ya hapo hakuongezi chochote kwa msikilizaji, lakini kunaukakamaza mkono na kuuchelewesha kwenda kwenye nota inayofuata. Sauti kubwa hutokana na kibonyezo kushuka kwa kasi kubwa, na sauti ndogo hutokana na kushuka polepole.

Mwalimu wangu hulifanyia kazi jambo hili kwa zoezi ambalo halimo katika kitabu chochote nilichonacho. Unapiga sauti tatu kwa pamoja kwa nguvu, kisha, bila kuviachia vibonyezo, unaondoa juhudi zote hadi ibaki ile tu inayotosha kuvizuia visipande. Yeye huweka vidole vyake viwili chini ya kifundo changu na kukiinua. Mkono ukiinuka bila ubishi, tunaendelea. Ukipinga hata kidogo, tunarudia. Ukiangalia kwa mbali unaona watu wawili wasiofanya lolote, na pengine hiyo ndiyo sababu wanafunzi wengi hulidharau. Mtu hulipa ada ya somo akitarajia kupiga nota nyingi, si kukaa akijifunza kutojikaza. Lakini kasi yote inayokuja baadaye imejengwa juu ya uwezo huu wa kupumzika katikati ya nota moja na nyingine, kwa muda mfupi ambao jicho haliwezi kuuona.

Nguvu ya ufundishaji mzuri niliiona waziwazi siku niliposubiri zamu yangu huku kijana mmoja akimalizia somo lake. Alikuwa akilalamika kwamba skeli yake inakwaruza kila anapoongeza kasi. "Mwalimu," alisema, "nimelipiga zoezi la kidole cha nne wiki nzima na bado mambo ni yale yale." Mwalimu akainuka, akaipa piano mgongo, akamwambia apige skeli ya C kwa mkono wa kulia, oktava mbili, kwa mwendo wa wastani. Kijana alipomaliza, mwalimu akataja nota zilizotoka nzito kuliko nyingine: F, C, kisha F tena. Hakuwa ameutazama mkono hata kidogo. Katika skeli hiyo kila F na kila C inayofuata hupigwa na kidole gumba baada ya kupita chini ya kiganja, na ilionekana kwamba kijana alikuwa akikiacha nyuma mpaka dakika ya mwisho, kisha anakirusha pamoja na kiwiko, na mkono wote unakidondokea. Kidole cha nne hakikuwa na kosa lolote. Kilichelewa kwa sababu kilikuwa kinasubiri kidole gumba kiondoke njiani.

Zoezi alilopewa lilikuwa na nota nne tu: C, D, E, F, halafu kurudi, polepole, huku kidole gumba kikianza kusogea chini ya kiganja mara tu kinapoiachia C, si kinapoitwa. Baada ya hapo kiwiko kiliwekewa sharti lisilovunjwa, la kutoruka. Hakuna aliyemwambia aongeze saa za mazoezi. Alipopiga tena skeli nzima dakika chache baadaye, bado haikuwa imekaa sawa, lakini mahali pa tatizo palikuwa pamejulikana, na kwa mwanafunzi hilo ni badiliko kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu sasa anaweza kujifanyia kazi mwenyewe nyumbani.

Suala la kidole gumba si jipya. Mtunzi Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha ufundishaji kilichotoka mwaka 1753, alieleza kwamba baba yake, Johann Sebastian, alimsimulia jinsi alivyowasikia katika ujana wake wapigaji wakubwa ambao hawakukitumia kidole gumba ila pale mkono ulipolazimika kutanuka sana. Miaka hamsini hivi baada ya kitabu hicho, Ludwig van Beethoven alimpokea mtoto aitwaye Carl Czerny, na katika masomo ya mwanzo akamshughulisha na skeli katika funguo zote, yaani kuanzia kila sauti, mkao wa mkono, na hasa matumizi ya kidole gumba. Czerny naye alimfundisha mpiga piano mashuhuri Franz Liszt, na akaandika mazoezi mengi kiasi kwamba wapo wanafunzi wanaolichukia jina lake kabla ya kujua alikuwa nani. Ninachokipenda katika mlolongo huu ni kwamba ufundi huo ulipita kwa watu waliokaa bega kwa bega, mmoja akipiga na mwingine akisikiliza. Vitabu vilifuata.

Kuhusu namna ya kufanya mazoezi yenyewe, yapo mambo machache ambayo nimeyaona yakifanya kazi kwa kila mtu aliyeyashika kwa uaminifu. La kwanza ni mwendo wa polepole, lakini polepole ya kweli: mwendo ambao unaweza kuijua nota inayofuata, kidole kitakachoipiga na ukubwa wa sauti yake kabla hujaigusa. Ubongo hauchagui kati ya kosa na usahihi. Huhifadhi kile kinachorudiwa. Anayepita mahali pagumu kwa kasi mara ishirini huku akikosea mara kumi na tano amejifundisha kosa vizuri zaidi kuliko usahihi, na kesho yake atashangaa kwa nini vidole vimerudi palepale. Kuna udanganyifu mmoja wa mwendo wa polepole, hata hivyo, ambao walimu wengi hawausemi. Mkono unaopiga polepole huweza kutumia mienendo ambayo kwa kasi haiwezekani, kama kuinua kila kidole juu au kukibonyeza kila kibonyezo hadi chini kabisa na kukaa hapo. Ndiyo maana inafaa kupiga polepole kwa mienendo midogo ile ile utakayoihitaji ukienda kasi, na mara moja moja kujaribu kipande kifupi sana, nota nne au tano, kwa kasi kamili, ili kuujua mwendo unaotafutwa.

La pili ni kubadilisha mdundo. Mfululizo wa nota zilizo sawa, ukiupiga kwa kurefusha ya kwanza na kufupisha ya pili, kisha kinyume chake, hulazimisha mkono kufanya kila mruko mmoja kwa haraka na kupumzika kwenye inayofuata. Mtu asiyeweza kupiga nota kumi na sita mfululizo kwa kasi anaweza kupiga mbili mbili kwa kasi, halafu nne nne, halafu nane nane, na mahali pa kupumzika panapungua mpaka panatoweka. Metronomu, ambayo Johann Maelzel aliisajili mwaka 1815, ni msaidizi mzuri hapa kwa sharti kwamba inatumiwa kupima, si kuburuza. Ninaiwasha kujua niko wapi, kisha ninaizima, maana anayeizoea kupita kiasi huacha kuhesabu ndani mwake, na siku ya kupiga mbele za watu hukuta hana anayemhesabia.

Mengine nayataja kwa kifupi. Mikono itenganishwe pale tu inapochanganyana, na irudishwe pamoja mapema. Dakika ishirini za makini asubuhi na nyingine jioni huzaa zaidi kuliko saa moja ya kuchoka, na usingizi una sehemu yake, kwani kipande kilichogoma usiku mara nyingi huamka kimelainika. Anayejifunzia kwenye kinanda cha umeme chenye vibonyezo vyepesi ajue kwamba vidole vyake vitashtuka vikikutana na piano halisi, hivyo, akiweza, achague chombo chenye vibonyezo vilivyotiwa uzito.

Suala la maumivu silipitii haraka. Robert Schumann alikuwa kijana aliyekusudia kuwa mpiga piano mkubwa, akisoma chini ya mwalimu wa piano Friedrich Wieck, lakini katika miaka ya mwanzo ya 1830 mkono wake wa kulia uliharibika, akaiacha ndoto hiyo na kubaki mtunzi. Sababu hasa ya kuumia kwake bado inabishaniwa, na miongoni mwa zinazotajwa ni kifaa alichokitumia kufanyia vidole mazoezi. Enzi hizo vifaa vya namna hiyo vilikuwa na soko. Johann Bernhard Logier alikuwa amesajili mwaka 1814 chombo cha kuushikilia mkono wa mwanafunzi katika mkao uliodhaniwa kuwa ndio sahihi. Leo hatufungi mikono kwenye vyuma, lakini imani kwamba kidole kinachouma ni kidole kinachoimarika bado ipo, na ni imani ya hatari. Uchovu wa kawaida huondoka ukipumzika kidogo. Maumivu makali, ganzi, au kuungua kunakoambaa mkononi ni amri ya kuacha palepale, na yakirudi, mtu amwone daktari kabla ya kumwona mwalimu. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi avumilie maumivu, mimi ningemwacha siku hiyo hiyo, hata awe na sifa gani.

Basi mwalimu mzuri anatambulikaje? Sitazami kwanza vyeti wala jinsi anavyopiga mwenyewe, ingawa lazima aweze kuonyesha anachokidai. Ninatazama kama anaweza kueleza chanzo. Mwalimu wa kawaida husema skeli haiko sawa, irudie. Mwalimu mzuri husema nota ya nne inachelewa kwa sababu kiwiko kimebana ubavuni, kisogeze. Ninatazama pia kama anatoa mazoezi machache. Anayempa mwanafunzi mmoja kurasa sita za mazoezi kwa wiki, na kuwapa wengine wote kurasa hizo hizo, hajamsikiliza yeyote kati yao. Na ninatazama kama anamfundisha mwanafunzi kujisikiliza, kwa kumuuliza kabla ya kumsahihisha: umesikia nini hapo? Kati ya somo na somo kuna siku nyingi ambazo mwalimu hayupo, na katika siku hizo simu iliyowekwa pembeni ikirekodi husaidia sana, kwa kuwa sikio linalopiga na sikio linalosikiliza baadaye hayasikii mambo yale yale.

Swali la kitabu bado linabaki, na nimekuja kuona kwamba mazoezi bora mara nyingi yamo ndani ya muziki ambao mtu tayari anaupiga. Mpiga piano Mfaransa Alfred Cortot alilifanya hili kwa utaratibu mkubwa mwanzoni mwa karne ya 20, alipohariri etyudi za Chopin, yaani vipande vilivyotungwa kwa ajili ya kujenga ufundi, na kuambatanisha kila moja na mazoezi yaliyochotwa kutoka katika ugumu wake yenyewe. Etyudi ya pili ya mkusanyo wa kwanza, uliotoka mwaka 1833, inavipa vidole vitatu dhaifu vya mkono wa kulia, cha kati, cha pete na cha mwisho, kazi ya kupanda na kushuka nusu toni kwa nusu toni, huku gumba na kidole cha shahada vikiweka sauti za chini. Huwezi kuishinda kwa kuipiga kutoka mwanzo hadi mwisho kila siku. Unaitoa ile safu ya juu peke yake, unavuka kidole cha kati juu ya cha mwisho mara kadhaa mpaka mkono ujue njia, kisha unarudisha sauti za chini, kwanza kimya, kwa kugusa tu bila kubonyeza.

Kwa mwanafunzi ambaye bado yuko mbali na Chopin utaratibu ni huo huo. Akikwama kwenye vipimo viwili, yaani vigawanyo viwili vifupi vya mapigo, vya wimbo rahisi, avichukue vipimo hivyo, atafute ni nota zipi mbili hasa zinazomkwamisha, azipige peke yake, aongeze moja ya kabla na moja ya baada, ahamishe mchoro huo kwenye ufunguo mwingine ili mkono uuelewe bila kutegemea mahali, halafu arudi kwenye wimbo wake siku hiyo hiyo. Ikipita wiki bila mabadiliko, aende na vipimo hivyo viwili kwa mwalimu, avipige polepole mbele yake, na amwombe amwambie anachokiona.